Sentensi Moja Aliyoiandika Bupe

Hii si ya kuchekesha. Kama una dakika kumi, isome sasa. Kama huna, ihifadhi mpaka uzipate. Ukimaliza utajua mwenyewe nani wa kumtumia.

Palikuwa na walimu wawili wa kompyuta katika chuo kimoja cha ufundi mjini Moshi. Mkubwa aliitwa Nakijwa Mshana, mwanamke wa Same, mwenye miaka thelathini na minane, mrefu, asiyependa maneno mengi. Mdogo aliitwa Bupe. Yeye alitoka Tukuyu, alikuwa na miaka ishirini na sita, na ndiyo kwanza alikuwa ameajiriwa.

Pale chuoni hakuna aliyeijua kompyuta kama Nakijwa. Mfumo mzima wa kusajili wanafunzi aliuandika peke yake katika likizo moja ya Desemba, na hakumwambia mtu mpaka siku ulipoanza kufanya kazi. Mkuu wa chuo alipomsifu mbele ya walimu, alisema tu, "Ulikuwa unahitajika."

Bupe alikuwa na ndoto moja. Kulikuwa na kampuni kubwa ya teknolojia, ya kigeni, iliyofungua ofisi Nairobi. Jina lake siliandiki, halitatusaidia kitu. Vijana wa ukanda huu wote waliitamani. Lakini usaili wake ulikuwa na hatua tano, na hatua ya mwisho unasimama mbele ya ubao, unapewa fumbo ambalo hujawahi kuliona, unaandika programu kwa mkono huku mtu amekaa anakutazama na kuandika mambo yako kwenye karatasi yake.

"Dada, nisaidie," Bupe alimwambia Nakijwa. "Peke yangu sitapita."

Nakijwa alimsaidia. Kwa miezi saba, kila siku wanafunzi walipotoka saa tisa, walibaki wawili darasani. Nakijwa aliandika fumbo ubaoni kwa chaki, akaweka saa mezani, akakaa nyuma kama msaili.

"Sema unachofikiri," alikuwa akimwambia. "Usinyamaze. Hao watu hawawezi kusoma macho yako."

Bupe alilia mara mbili katika miezi hiyo. Mara zote mbili Nakijwa alifuta ubao, akamwandikia fumbo jingine.

Siku moja Bupe alimuuliza, "Dada, mbona na wewe huombi? Unanizidi mara kumi."

"Mama yangu yuko kitandani," Nakijwa alijibu. "Kila Ijumaa lazima niwe Same. Nairobi ni mbali."

"Basi nikiingia mimi, siku yako ikifika nitakuvuta."

"Ingia kwanza," Nakijwa alisema, akacheka.

Bupe akaingia.

Ofisi ya Nairobi ilikuwa kama alivyoiona kwenye picha. Vioo kila mahali. Chakula cha bure, matunda yaliyokatwa tayari, na Ijumaa anakuja mtu wa kukanda mabega. Timu ya Bupe ilikuwa na watu kumi na mmoja, nao walitengeneza ramani za miji ya Afrika Mashariki, zile unazofungua kwenye simu ukipotea njia.

Jambo ambalo halikuwa kwenye picha ni hofu. Kila miezi sita kila mfanyakazi alipangiwa daraja. Wa daraja la chini waliitwa kwenye chumba kidogo cha vioo, ambamo kila mtu aliwaona wakikaa, wakisikiliza, na wakisaini. Halafu walitoka na boksi la vitu vyao, wameachishwa kazi. Mtu aliyekuwa anakusalimia kila asubuhi unakuta kiti chake kimeshapewa mwingine, na hakuna anayemtaja.

Bupe alikuwa wa daraja la kati. Alifanya kazi kwa bidii, lakini wengine walikuwa wepesi kumzidi, na yeye alilijua hilo. Basi akawa na siri. Fumbo gumu lilipomshinda, alisubiri saa saba mchana, wenzake wakiwa kwenye foleni ya chakula, akashuka kwenye maegesho ya magari, akampigia Nakijwa.

Nakijwa alisikiliza, akaomba dakika ishirini, akapiga. "Mnaanzia pabaya," alimwambia siku moja. "Anzieni mwisho mrudi nyuma."

Bupe alipanda juu akasema, "Jamani, nimepata wazo." Likafanya kazi. Wenzake wakaanza kumtania kwamba Bupe hupata akili baada ya kula. Meneja akamsifu kwenye kikao. Miaka mitatu ikapita hivyo.

Mwaka wa nne, mwezi wa kwanza, mama yake Nakijwa akafariki. Bupe alisafiri kwenda kumzika. Wiki chache baadaye simu yake ikaita.

"Mdogo wangu," Nakijwa alisema, "sasa naweza kuondoka. Nimeona kampuni yenu inatafuta mtu. Unaonaje, niombe?"

"Omba, dada!" Bupe alijibu haraka.

Bupe mwenyewe aliniambia baadaye kwamba alisema kwa furaha ya kweli. Alipokata simu ndipo alipozikumbuka zile simu za kule kwenye maegesho.

Nakijwa akaomba. Fomu iliuliza kama kuna mtu ndani ya kampuni anayeifahamu kazi yake. Akaandika jina la Bupe. Akapita hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kwa hatua ya mwisho alikuja Nairobi, akalala kwa Bupe. Asubuhi Bupe alimpigia gauni pasi na kumchemshia chai, naye hakuigusa.

Alisailiwa na watu wanne kwa siku moja. Jioni Bupe alimuuliza ilikuwaje.

"Sijui," Nakijwa alisema. "Mmoja alicheka, sikuelewa anacheka nini. Mwingine alitoa simu akapiga picha ubao wangu. Labda nilikosea sana."

Bupe aliinuka kwenda kupakua chakula. Alijua kwamba msaili hapigi picha makosa.

Siku nne baadaye afisa wa ajira, mama mmoja mpole aliyeitwa Jerotich, alisimama karibu na meza ya Bupe.

"Bupe, nimekutumia fomu fupi kumhusu Nakijwa Mshana. Ni swali moja tu. Naomba uijaze leo, tafadhali."

Bupe akaifungua. Swali lilikuwa hili: *Umewahi kufanya kazi na mtu huyu. Je, ungependa kufanya naye kazi tena? Eleza kwa ufupi.*

Chini yake kulikuwa na kisanduku cheupe.

Akaandika: "Ndiyo. Yeye ndiye aliyenifundisha." Akaitazama ile sentensi, akaifuta.

Alifikiria mambo mengi kwa wakati mmoja. Nakijwa akiingia, baada ya mwezi mmoja kila mtu atajua yale mawazo ya baada ya chakula yalikuwa yanatoka wapi. Madaraja yanapangwa mwezi wa saba. Watawekwa wawili bega kwa bega, mwalimu na mwanafunzi wake, na anayepima hatajali kwamba walipendana. Alikiona kile chumba cha vioo. Alijiona ameshika boksi.

Kisha akaandika: "Ni mtu mwema na mwaminifu, lakini sina uhakika kama ataumudu mwendo wa hapa."

Akatuma. Halafu akaenda kula. Aliniambia kwamba siku ile palikuwa na samaki, na alimla akammaliza.

Jibu lilimfikia Nakijwa baada ya siku tisa. Alimpigia Bupe mchana.

"Wameniandikia. Wanasema sijafikia kiwango."

"Pole sana, dada. Hawa watu wana mambo yao."

"Bupe, nataka nikuulize kitu, na unijibu kweli." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Wewe uko ndani, unawaona wanaofaulu. Mimi kazi hii naijua? Au nilikuwa najiona najua kwa sababu nilikuwa nimezungukwa na wanafunzi?"

Bupe alikuwa amesimama kwenye korido. Pembeni yake kulikuwa na mtu anangoja lifti. Lifti ikafika, yule mtu akaingia, mlango ukajifunga. Bupe akabaki peke yake na lile swali. Hakukuwa na fomu tena, wala daraja, wala mtu wa kumsikia.

Akasema, "Dada, teknolojia imekimbia. Kule chuoni tulikuwa na vitu vya zamani. Usijilaumu."



"Haya," Nakijwa alisema. "Asante kwa kuniambia ukweli. Wengine wangenificha."

Wiki mbili baadaye Bupe alikwama kazini. Saa saba akashuka kwenye maegesho kama kawaida, akapiga.

"Usiniulize mimi," Nakijwa alimwambia, bila hasira. "Nitakupoteza. Waulize wenzako hapo, wao ndio wanaojua."

Bupe akajaribu tena mwezi uliofuata. Jibu likawa lilelile. Kazini yale mawazo yake yakakauka, na watu wakaacha kumtania.

Mwezi wa sita akasikia kwa mwalimu mwingine kwamba Nakijwa ameacha kazi chuoni. Katika barua yake alikuwa ameandika kwamba haoni vyema kuendelea kuwalisha watoto wa watu vitu vilivyokwisha muda. Walimu walimsihi, mkuu wa chuo akamfuata hadi nyumbani. Hakurudi.

Mwezi wa saba, Jumanne asubuhi, timu yote ya ramani iliitwa. Watu wote kumi na mmoja. Hawakutosha kwenye kile chumba kidogo, wakapelekwa ukumbini. Mtu wa makao makuu alizungumza nao kupitia skrini kwa dakika nne. Timu imefungwa. Anawashukuru. Kufikia saa sita kadi zao zilikuwa hazifungui mlango wowote.

Mmoja wao alikuwa amehamisha familia yake kutoka Kampala wiki tatu kabla. Alikaa chini sakafuni, akamwambia mkewe kwenye simu kwamba yuko kikaoni.

Jerotich ndiye aliyekuwa mlangoni akikusanya kadi. Bupe alipofika, yule mama alimshika mkono akamvuta pembeni.

"Nasikitika sana, Bupe. Na hii ingeweza kuepukika."

"Kivipi?"

"Makao makuu walitupa masharti tangu Januari. Mkipata kiongozi wa maana wa timu hii kabla ya mwisho wa Machi, timu inabaki. Mkikosa, tunaifunga. Tukatafuta sana. Tukampata mmoja tu."

Bupe aliniambia kwamba alijua kabla hajaambiwa.

"Yule mwalimu wa Moshi," Jerotich aliendelea. "Hatukuruhusiwa kuwaambia nyinyi, wala kuandika kwenye tangazo la kazi, kwamba atakuja kuwaongoza, ili mtu asijibu kwa kujipendekeza. Wasaili wanne, wote wanne walisema ndiyo. Mmoja aliandika kwamba kwa miaka kumi na miwili hajawahi kusaili mtu kama yule. Mimi nilikuja kwako kumalizia faili tu. Nilijua utaandika mazuri."

"Lakini wanne walisema ndiyo," Bupe alisema. "Wanne!"

"Huko juu hawasomi ndiyo. Wanatafuta shaka. Wakiona moja, tena ya mtu anayemfahamu kwa miaka, wanafunga faili." Jerotich alimtazama kwa huruma. "Sikulaumu. Uliandika ulichokiamini, sivyo?"

Bupe alimtazama usoni.

"Ndiyo," alisema.

Akatoa kadi yake, akatoka.

Alikaa wiki mbili Nairobi bila kwenda popote. Kisha akapanda basi, akavuka mpaka wa Namanga, akapita Arusha, akapita Moshi, akashuka Same. Hakupiga simu kwanza. Aliogopa akisikia sauti ya Nakijwa atageuka na kurudi.

Alimkuta katika duka la kaka yake, duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa anampimia fundi mmoja misumari kwenye mzani. Alipomwona Bupe, uso wake wote ulifunguka.

"Bupe! Mbona umekonda hivyo? Kaa. Kaa, nikuletee soda."

Bupe hakukaa. Alisimama mbele ya kaunta, akasema yote, tangu ile fomu mpaka maneno ya Jerotich. Hakujitetea. Alisema mpaka alipoishiwa.

Nakijwa alikuwa ameshika chupa ya soda mkononi. Aliiweka juu ya kaunta bila kuifungua.

"Wasaili wote wanne?" aliuliza.

"Wote wanne, dada."

"Na huyo mmoja aliandika nini?"

"Kwamba kwa miaka kumi na miwili hajawahi kusaili mtu kama wewe."

"Sema tena."

Bupe akarudia. Nakijwa alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za jirani, mtu anayemfahamu kidogo.

Kisha akauliza, "Wale wenzako wengine wana watoto?"

"Wengi wao."

Akatikisa kichwa.

"Dada, naomba unisamehe."

"Ile fomu naielewa," Nakijwa alisema. "Uliogopa. Mahali kama pale hata mimi sijui ningeandika nini. Ya fomu nimekusamehe hapahapa." Akashusha pumzi. "Lakini baadaye nilikuuliza mimi, Bupe. Nilikuuliza wewe kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumuuliza. Na ulivyonijibu, nikakushukuru."

Bupe akaanza kulia. "Rudi chuoni. Twende wote leo hii, nitamwambia mkuu. Watakupokea."

"Nafasi yangu ameshapewa mtu. Na hata wangenirudishia, nisingeweza." Nakijwa alifuta kaunta kwa kiganja, ingawa haikuwa na vumbi. "Mwezi uliopita binti wa kaka yangu aliniletea hesabu ya kidato cha pili. Nililiona jibu kabla hajamaliza kusoma swali. Nikamwambia akamuulize mwalimu wake."

"Kwa nini, dada? Si ulikuwa unalijua?"

"Sikuliamini. Hata sasa umeniambia haya, nasikia kichwani kwamba ni kweli. Lakini hayashuki moyoni."

Mteja akaingia, anataka bawaba za mlango, jozi mbili. Nakijwa akaenda kumtafutia. Alimwonyesha za aina mbili, akamweleza ipi inashika kutu mapema, akamfungia kwenye gazeti. Aliporudi, sauti yake ilikuwa ya kawaida.

"Basi la Moshi linapita saa tisa. Ukilikosa utapata shida."

"Naweza kukupigia?"

"Usinipigie, mdogo wangu. Sikuchukii. Ila nikiiona namba yako nitaanza kuhesabu mambo, na mimi nimechoka."

Alimpa ile soda aende nayo njiani.

Haya yalitokea miaka minne iliyopita. Nakijwa bado yuko dukani, na hajafundisha tena. Bupe yuko Mbeya siku hizi, anatengenezea shule ndogo mifumo ya matokeo ya mitihani, na hapo ndipo tulipofahamiana. Amemwandikia Nakijwa barua tatu. Hakuna iliyojibiwa.

Nilimuuliza kama naweza kuwaandikia watu habari hii. Nilidhani atakataa, au ataniomba nibadilishe majina. Alifikiri kidogo.

"Tuma," alisema. "Huenda kuna mtu leo ameulizwa, na bado hajajibu."

Funzo: Mtu anayekuamini akikuuliza kama anaweza, na wewe unajua kwamba anaweza, mwambie, hata kama jibu hilo linakutisha. Uongo wa namna hiyo anaupokea kama ukweli na kuondoka nao, na siku utakayokwenda kuufuta utakuta ameshaupangia maisha yake.